Bonde Letu Nililipaka Rangi Nyekundu

Doornfontein, Johannesburg
Agosti, 2017

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mdogo wangu Juma aliniambia vumbi la mwaka huu limekukohoza mpaka ukahamia kulala chumba cha nyuma. Mimi ni mzima, ila moyo hauna raha, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningeuliza hali tu, nikakata.

Unajua nachora ramani, lakini sikuwahi kukueleza za nini. Ofisini kwetu Midrand tunatafuta ni wapi, katika nchi hizi za kusini na mashariki, udongo uko hatarini kupeperushwa na upepo. Tunatazama picha zilizopigwa kutoka angani, tunaangalia mvua, aina ya udongo, majani yaliyobaki na mifugo inayoyala. Penye nafuu tunapaka kijani, penye hatari nyekundu. Wakubwa wakishaipata ramani wanajua waanzie wapi kufunga malisho ili majani yarudi.

Mwezi uliopita ramani yetu ilifika Singida. Nomsa, msimamizi wangu, akainamia kompyuta yangu.

"Mwajuma, hii nyekundu si kwenu?"

Lilikuwa bonde letu, Mama, lile analochungia Juma.

"Ndiyo, dada."

"Eish." Akavuta kiti. "Kituo cha mvua kiko mbali na hapo. Ukiniambia vipimo havitoshi, tutapaka kijivu na hakuna atakayekwenda. Wewe ndiye unayepajua."

Nikapaka kijivu. Ilikuwa Ijumaa. Nikapanda teksi kurudi mjini nikijisifu kwamba nimewaokoa.

Nyumbani nikamsimulia Mama Espérance, yule msusi Mkongo ninayeishi naye. Alikuwa anachambua nywele za bandia za wateja wake. Nilidhani atanipongeza.

"Na mama yako anakohoa juu ya nini?" akaniuliza.

Akaendelea kuchambua nywele zake.

"Upepo haisomake ramani, dada. Itakuja tu."

Jumapili nzima sikutulia. Nilikuwa namkumbuka mkulima mmoja wa jimbo la Free State, tulikokwenda kupima udongo. Alituonyesha uzio wake uliofukiwa na mchanga mpaka waya wa juu, ng'ombe wanauvuka kama kizingiti. Hakutugombeza. Alisema tu, "Mbona hamkuja mapema?"

Jumatatu nikairudisha nyekundu. Nomsa akaitazama, akasema, "Sharp," yaani sawa, akaituma.

Sasa jibu limekuja. Bonde letu limechaguliwa. Mvua zikiisha watakuja watu, na mbuzi hawataruhusiwa kushuka kule mpaka majani yashike upya. Huenda ikachukua miaka.

Na juzi Juma kanipigia anacheka: "Dada, mbuzi wamezaa mapacha! Mwaka huu tumebarikiwa!" Nikamwambia hongera. La bonde sikumwambia, Mama. Ramani ile ni ya kweli na sitaibadilisha tena, lakini nikikaa kula najiona kama mwizi. Mbuzi wale ndio walionisomesha. Kila shule zilipofunguliwa, mmoja alikwenda mnadani. Bonde liliishiwa majani mimi nikiwa darasani, na elimu niliyoipata ndiyo niliyoitumia kumfungia ndugu yangu malisho.

Jumapili baada ya adhuhuri nitampigia nimwambie mwenyewe. Naomba ukae karibu naye. Akifoka, mwache afoke, ana haki. Akitulia, mshauri aanze kupunguza madume mapema, asingoje kusukumwa.

Nimemwomba Nomsa niwe miongoni mwa watakaokuja, naye amekubali. Nitasimama kwenye mkutano wa kijiji niulizwe kila kitu, hata nitukanwe.

Nisalimie wifi yangu Zaituni, anayekukanda kifua, Mungu amlipe. Nisalimie shangazi aliyenilea nilipokuwa mdogo, na majirani wote wanaochungia bondeni, ingawa kuwatumia salamu kunanitia aibu.

Na kabla sijafika, wakikuuliza nani aliyechora ramani ile, usiseme ni wageni wa Afrika Kusini. Taja jina langu.

Binti yako,
Mwajuma