Godoro Chini, Ngozi Juu

Jumatatu, 14 Januari 2013. Kakuma

Nimetandika tena kitanda cha kujifungulia cha zahanati. Shuka safi, hakuna wa kuzilalia. Akai, muuza makaa wa hapa langoni, amekuja kupimwa. Mimba imekomaa. Ya kwanza alijifungulia nyumbani, akavuja damu, mtoto akafa, naye akaponea chupuchupu. Nimemsihi ajifungulie hapa. Mama mkwe wake, bibi ambaye wote tunamwita Ata, akakitazama kitanda, akakataa.

"Sisi tunazaa na magoti, sista. Kulala ni ya mgonjwa."

Nimekasirika. Sisi wauguzi tumefundishwa mama hulala chali. Lakini neno lake limenikaa.

Jumamosi, 19 Januari. Lodwar

Mkubwa wangu wa hapa Lodwar amekubali tujaribu godoro la sakafuni. Kasema kuna kituo wanalo, na akina mama wanakuja. Fundi wa Kanamkemer, mtaa wa hapa, amelishona nene, kalivika plastiki lioshwe kwa urahisi. Kwenye basi wamenicheka: sista anahama na kitanda. Wacheke. Nina furaha.

Jumatano, 23 Januari

Aibu tupu. Nilimwita Ata alione godoro. Akapiga magoti, yakateleza, nusura aanguke kifudifudi. Plastiki na jasho, kwa joto la Kakuma! Akai alicheka akishika tumbo. Ata hakucheka. Wameenda zao bila kuahidi kitu.

Naogopa. Akizalia nyumbani tena, atakufa.

Ijumaa, 1 Februari

Wamekuja! Akai na uchungu, Ata na ngozi ya mbuzi kwapani. Kaitandika juu ya godoro bila kuniuliza. Nikatandaza shuka safi juu yake, yakaisha. Akai kwenye magoti, Ata kamshika kwa nyuma, mimi sakafuni mbele yao. Msichana. Akalia papo hapo.

Kisha damu. Nyingi. Ata akaanza kuomba kwa Kiturkana. Sindano ya kuzuia damu ilikuwa tayari, nikamchoma Akai, nikamsugua tumbo. Ikapungua. Ikakoma.

Nimelia mbele yao. Sijali.

Jumanne, 12 Februari

Kitanda sasa naanikia shuka. Akai amerudi kwenye makaa yake, mtoto kifuani. Nikipita ananisalimu kwa Kiturkana, ejok, nami naitikia ejok.

Leo nilipofungua mlango nilikuta wanawake wawili nisiowajua, wajawazito, wamekaa kivulini. Kila mmoja na ngozi yake kwapani.