Laptopu Uliyotununulia Tumwone Mama

Chesterfield Inlet,
Nunavut.
9 Machi.

Mpendwa dada Eulalie,

Habari za Edmonton? Mgongo wako je, umepona au bado unakusumbua? Sisi tupo. Baridi haijatuachia, na wiki hii upepo ulivuma hata duka likafungwa, lakini shemeji yako Luki alipata kulungu wawili, kwa hiyo nyama ipo. Mwanetu Kallak ameota magego, anang'ata kila mtu.

Asante kwa laptopu. Dada, tulikuambia tunataka kitu cha kumwona mama tu, wewe ukatuletea mashine ya wacheza gemu! Taa za rangi chini ya vitufe, na feni inavuma hadi Luki anasema siku moja ndege itatua sebuleni. Uliambiwa hizi hazikwami. Zinakwama, dada yangu. Tangu siku ya kwanza sauti inakatika na picha inarukaruka, na mama kule Winnipeg, na hiyo adha ya kusafishwa damu, hana raha nyingine ila kutuona.

Sisi, kama kawaida yetu, tuliilaumu setilaiti. Hapa hata chai ikichelewa kuchemka ni setilaiti. Luki akapanda juu ya paa na ufagio kufagia theluji kwenye dishi, akashuka masikio yamekufa ganzi, na bado. Nikapiga simu dukani walikoiuza. Nikaambiwa niizime, niiwashe. Nimeizima na kuiwasha mpaka nimechoka.

Kilichoniumiza ni mama. Kallak ana jina la bibi, mama yake mama, basi mama humwita "mama" na kumwamkia kwa adabu zote. Mtoto akijibu, maneno yanafika vipande vipande. Siku moja mama akaniuliza, "Theresie, mbona mama yangu ana kigugumizi? Mnamtisha nini huko?" Nikaapa hana. Hakuniamini, akalia.

Jumapili nikafungua video ya harusi yetu, iliyohifadhiwa humo humo ndani, haihitaji mtandao. Nayo ikakwama! Kumbe setilaiti tulikuwa tunaionea bure. Nikazima waifai, video ikaenda laini. Nikaiwasha, ikaanza tena. Basi nikapekua mipangilio yake, nikajua: kile kifaa cha waifai kilichomo ndani kilipangwa kiwe kinasinzia ili kuokoa umeme, na kila kikizinduka kinakaba sauti na picha. Nikakiondolea usingizi, nikakirudishia programu yake ya zamani. Ikatulia kabisa. Niliruka jikoni peke yangu kama mwendawazimu.

Jana tukampigia mama. "Mama yangu, umeamkaje?" mama akamwuliza Kallak, naye akamjibu habari nzima ya mbwa aliyekula soksi ya Luki. Mama akacheka hadi akakohoa. Kisha akaniambia amewaeleza madaktari kwamba anaacha kusafishwa damu, na Alhamisi anapanda ndege aje afie nyumbani. Akanishukuru kwa kumkubalia.

Nimekubali lini mimi? Kumbe mwezi uliopita aliniuliza kama aache, akisema nikikataa ataendelea na matibabu, na mimi sikusikia ila mikwaruzo. Nilikuwa nimeikodolea macho mashine, nyusi juu, najitahidi kusikia, na picha yangu ikaganda hapo hapo. Wewe umekaa sana na wazungu, lakini hujasahau: kwetu nyusi zikipanda ni ndiyo, pua ikikunjwa ni hapana. "Nilikuona mwenyewe," mama akasema. "Ulikaa vile vile muda mrefu, nikajua umekubali kwa moyo wote."

Nakuandikia kwa barua pepe maana kwenye simu nitalia tu. Njoo, dada. Daktari anasema bila kusafishwa damu ni wiki moja, pengine mbili. Sina tumaini lolote la kukutumia. Kama wewe unaweza kumwambia hapana, mwambie.

Nisalimie shemeji Gordon na Pauline wenu. Luki anakusalimu. Bwana akushike mkono angani.

Sijakuambia la mwisho. Kabla ya kuagana mama aliniuliza, "Bado umekubali, mwanangu?" Sauti haikukatika hata kidogo, na uso wake ulikuwa safi kama yuko mezani kwangu. Nilitaka kukunja pua. Alikuwa anatabasamu, dada. Nikainua nyusi.

Mdogo wako anayekupenda hata leo asipokuwa na la kukufurahisha,
Theresie