Siku Alizolala Kwako

Majengo, Mpanda
12 Mei 2024

Kwa mama mkwe wangu, mama Denis,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje tangu mvua zikatike? Sisi tuliohamia huku mjini ni wazima. Wajukuu zako watatu wanakuamkia. Suzana amerefuka, akicheka anafumba jicho moja kama baba yake. Mwaka umepita tangu tumzike Denis, lakini nikisonga ugali bado nazidisha sehemu yake.

Mama, shemeji Yotham ameniambia hutakuja kwenye komunyo ya kwanza ya Suzana. Amesema bado una uchungu kwamba nilimnyima mwanao watoto zaidi, tena nilimfukuza kitandani hadi akawa anakuja kulala kwako kama mgeni. Tulipoanua matanga ulisema hivyo mbele ya mashangazi, nami nikainama nikaendelea kuosha masufuria.

Mambo ya chumbani mtu hamwambii mkwewe. Kwa mdomo nisingeweza, ndiyo maana naandika.

Nilipomzaa Suzana, kitinda mimba wetu, nilitoka damu nyingi. Denis alifua khanga zangu mwenyewe, hakutaka uzione. Nilipopona nilimwambia nataka kuweka kijiti cha kuzuia mimba. Akakataa. Nikadhani anataka watoto zaidi, tukanuniana wiki nzima. Kumbe alishakwenda zahanati peke yake kumwuliza nesi. Akaniambia mwili wangu umefanya kazi ya kutosha, sasa ni zamu yake, yeye atahesabu siku. Nikamtania kwamba mtu anayesahau jembe shambani atakumbukaje tarehe zangu. Hakucheka. Akauliza nikifa nani atawasuka mabinti zake.

Basi siku za hatari, mama, ndizo alizokuja kulala kwako. Alisema akibaki nyumbani hatajiweza. Ulipomwuliza, akakuambia nina kisirani. Sikukuambia ukweli, maana wenzake wangemcheka kilabuni wakisikia anahesabu siku za mkewe. Miaka saba hakukosea hata mwezi mmoja.

Lipo moja ambalo sijamwambia mtu. Miaka miwili kabla hajafariki alikubali nichomwe sindano ya kuzuia mimba, kwa hiyo hakukuwa tena na haja ya kuondoka. Nilimwomba abaki. Akasema, "Mama amezoea, asubuhi ananiwekea uji. Nikiacha, atakula na nani?" Akaendelea kuja. Siku zile zote, mama, alikuja kwa ajili yako tu.

Komunyo ni Jumapili ya pili ya Juni. Yotham atakupakia kwenye basi, nitakupokea stendi.

Wasalimie majirani wote. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mkweo,
Josefina