Kinanda Kimoja, Wapigaji Themanini

Ujerumani, Jumatatu asubuhi

Baba yangu mpendwa, Mwalimu Kasiani,

Shikamoo Baba. Na Mama shikamoo, maana najua umeshakaa pembeni yake unadai asome kwa sauti. Habari za hapo Chiungutwa? Macho uliyopimwa Ndanda yanaendeleaje, Baba? Nimeandika kwa herufi kubwa, usije ukasingizia miwani. Mikorosho mmeshaipulizia salfa, au bado mnategeana na jirani? Mimi mzima kabisa. Baridi imenipasua midomo na ming'oko yetu ya kuchimba porini naiota usingizini, lakini mzima.

Mama ameniambia kwenye simu kwamba hukanyagi tena mazoezi ya kwaya. Eti vijana wamesema solfa, hizo do-re-mi zako, zimepitwa na wakati, siku hizi watu wanajifunza nyimbo kwenye simu, nawe ukachukua daftari lako ukaondoka. Baba! Hasira zako hizo nazifahamu. Nilitaka kukupigia, lakini kwenye simu unasema "haya, haya, sawa" halafu unampa Mama. Barua huwezi kuikatisha. Basi kaa, leo naringa, na nina sababu.

Ule muziki wa kinanda niliokuambia nimepewa niupange, umepigwa Jumamosi mbele ya ukumbi uliojaa. Aliyeutunga alikufa zamani sana, hata babu yako hajazaliwa. Aliuandika kwa mtu mmoja, mikono miwili na miguu miwili, kwenye kile kinanda kikubwa cha mabomba cha kanisani. Kazi yangu ilikuwa kuugawa kwa okestra nzima, watu themanini: fidla, filimbi, tarumbeta, ngoma, kila mtu na karatasi yake. Sauti moja inaanza peke yake, ya pili inaikimbilia na wimbo uleule, kisha ya tatu, halafu ya nne inaingia chini kabisa. Utadhani ni ile Krismasi Mama alipoingia kabla ya wenzake akakataa kurudi, ila hawa wamekusudia. (Mama usinune, natania.)

Shida ya kwanza, kinanda hakipumui. Ukikandamiza, kinalia mpaka uchoke wewe mwenyewe. Mpiga tarumbeta ana mapafu tu kama mimi na wewe. Kuna mahali sauti ya nne inashikilia noti moja mpaka unasahau ilianza lini. Nikafanya ulivyotufanyia Pasaka: nusu wanavuta pumzi, nusu wanashikilia, wanapokezana kimyakimya. Ikakaa vizuri, hakuna aliyesikia mshono.

Sasa aibu yangu. Mimi bado natunga kwa solfa, Baba. Naandika d, r, m kwenye daftari kwanza, ndipo nahamishia kwenye mistari yao. Kwetu do ni do, kila mtu anaimba ileile. Huku kuna vyombo vinavyodanganya. Ile pembe ya shaba iliyosokotwa duara, ukimwandikia mpigaji do, chombo kinatoa fa ya chini yake. Lazima umwandikie juu zaidi ili kitoke unachotaka. Nalijua hilo, nimelisoma, nimelifanyia mtihani! Lakini kurasa za pembe nilizibadilisha siku ya mwisho, nikazinakili moja kwa moja kutoka daftarini kana kwamba nawaandikia akina mama wa sauti ya pili.

Mazoezi yakaanza. Fidla safi, filimbi safi. Pembe nne zikaingia. Mungu wangu! Ilikuwa kelele, watu wakawa wanatazamana. Bwana Holger, ndiye anayesimama mbele na kile kijiti, akasimamisha kila kitu, akafunua kurasa, akanitazama. Akasema tumebakiwa na mazoezi mawili, na kama pembe hazijanyooka leo hii, anautoa muziki wangu na kuweka mwingine wanaoujua. Nimekaa huku miaka minne nikingojea muziki mmoja wenye jina langu, Baba.

Nikakumbuka wewe ulivyokuwa unafanya umeme ukikatika na ubao hauonekani. Nikachukua daftari langu, nikaenda mpaka kwenye viti vyao, nikagonga kile kistendi cha kuwekea karatasi kwa penseli, nikamwimbia wa kwanza sauti yake kwa solfa. Wakacheka. Mpigaji mkubwa wao, mama mmoja wa makamo anaitwa Ulrike, hakucheka. Akasema, "Imba tena." Nikaimba. Akainua pembe akapiga kwa sikio, sawasawa, bila karatasi. Nikaenda kwa wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tatu alikosea, nikamrudisha peke yake mbele ya wenzake, kwa sauti yako kabisa: "Hapana. Wewe umepiga la. Nimekupa so." Watu wazima, Baba, wana shahada zao! Wakaandika kwa penseli juu ya kurasa zangu mbovu, na tulipoanza upya, pembe zikaingia ukumbi ukatulia. Bwana Holger hakunisifu, si mtu wa sifa. Alisema tu, "Tuendelee."

Na Jumamosi ikapigwa yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Watu waliposimama kupiga makofi nililia kwenye skafu ya mwenzangu. Jina langu limechapwa kwenye kijitabu, nimekuwekea humu ndani, Mama asifungie maandazi.

Nisalimieni kaka Bosko na shemeji huko Newala, wambusu mtoto. Shangazi Thekla wa Chidya, mwambieni gauni lake ndilo nililovaa. Bibi mzaa mama mpeni shikamoo yangu kwa mikono miwili. Na Mzee Saidi wa dukani, jirani yetu mwema, mwambieni kalamu aliyonipa nilipoondoka ninayo, bado inaandika.

Nimebakiza neno moja. Baada ya onyesho Ulrike alinishika mkono akaniuliza nimejifunzia wapi kufundisha vile. Nikamwambia kwa baba yangu, Chiungutwa, ana kwaya ya watu thelathini na hana kinanda. Akaniuliza kama anaweza kuja mwakani likizo yake akae nyuma ya kanisa asikilize unavyofanya. Akauliza, "Bado anafundisha?"

Baba, nimemjibu ndiyo, kila Jumamosi saa kumi. Na tiketi ameshakata.

Ni mimi binti yako wa sauti ya pili,
Editha