Vipimo Vya Mabibi Harusi

Cate usinipigie, niko kwa duka ya Madam Sonal hapa Ngara na ananiangalia tu.

Si unajua ile app yake ya wateja wa nguo za harusi? Ilikuwa kwa akaunti ya cloud ya Muigai, yule fundi wa kompyuta Madam alimfuta kazi. Leo nimeihamisha kwa akaunti ya Madam mwenyewe. Nikafungua, vipimo zote ziko. Nikamwambia tumemaliza.

Akasema, "Basi futa kila kitu kwa Muigai. Sasa hivi."

Nikafuta. Aki Cate, NILIFUTA!

Kumbe app mpya ilikuwa bado inasoma vipimo kutoka kwa Muigai. Sasa kila bibi harusi ana jina na simu, lakini kifua sifuri, kiuno sifuri. Na usiniulize kama nilibaki na kopi.

Madam hajapiga kelele. Heri angepiga. Ametoa tepu kwa shingo akaniwekea mkononi. "Wako thelathini na nne. Utawapima wewe."

Thelathini na nne! Mimi!

Nimeanza na mwenye nguo yake inakatwa kesho asubuhi.

Ni wewe.

Cate? Naona umesoma.