Jino Lililorushwa Juu ya Mabati

Mashimoni, Kibera
Alhamisi

Mpendwa dada yangu Sella,

Nianze na magoti yako kabla ya shida zangu. Je, yamezoea baridi ya huko Kawangware, au bado unapanda ngazi za kanisa ukiyabembeleza? Sisi huku ni wazima, isipokuwa hasira, ambazo haziui mara moja.

Naandika kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa maneno niliyokutolea baada ya Pasaka, sikulaumu. Nivumilie nieleze tangu mwanzo. Najua utasema mwalimu wa bayolojia hata akistaafu bado hutafuta ubao.

Unakumbuka mjukuu wetu Mitchelle alivyoteleza na mtungi pale kwenye kioski cha maji, akagonga jino la mbele. Halikung'oka, lakini kiini chake, ile nyama laini ya ndani yenye damu, kilikufa. Jino limekuwa la kijivu, na shuleni wanamwita Makaa. Mtu mzima angezibwa tu yakaisha. Lakini mzizi wa jino la mtoto wa miaka minane haujamaliza kukua. Ukibaki mfu, hubaki mwembamba kama ganda la yai, na siku moja anauma hindi la kuchoma, jino linavunjika. Nalo ni jino la ukubwani, Sella. Hakuna lingine linalongoja nyuma yake.

Ndipo Daktari Wamucii, anayefanya utafiti huko mjini, akatupa tumaini. Alinieleza kwamba ndani ya jino la utotoni lililo hai mna seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijachagua kazi. Wao huzichukua, huzilisha katika sahani za maabara mpaka ziongezeke, kisha huzitia ndani ya jino lililokufa ili kiini kiote upya na mzizi umalizie safari yake. Fikiria sukuma wiki: unakata chipukizi kwenye shina kuukuu, unaliotesha kitaluni, halafu unalipanda pale palipokauka. Hakuahidi kitu, alisema haya ni majaribio. Lakini sharti seli zitoke zikiwa hai. Jino likishakauka juani, huna mbegu tena, una mfupa.

Jino la kwanza lililolegea alilitoa daktari mwenyewe, kwa sindano ya ganzi. Mitchelle alilia mpaka Kevin, baba yake, akatoka nje. Tukangoja. Kisha wakapiga simu kusema ukungu umeingia kwenye sahani, wamemwaga zote. Kevin, kwa kuwa ni fundi wa milango, aliuliza kama madaktari hao hawana mifuniko. Nilipoanza kumweleza tabia za ukungu, alinikata akasema wazee wakikosa jibu huanza somo.

Tukapewa miadi ya jino la pili, lililokuwa limeanza kucheza. Yaliyofuata unayajua. Mtoto alirudi kutoka kwako Pasaka na pengo, akasema wewe bibi yake, guku kama akuitavyo, umelirusha juu ya mabati na kumwomba mjusi alete jipya, kama mama yetu alivyorusha meno yetu juu ya paa la nyasi. Kevin aliapa kwamba hamleti Kawangware tena. Nami nikakupigia, nikakuita mwanamke wa kale asiyesikia. Ukanijibu kwamba nilikueleza habari za seli mpaka chai yako ikapoa, na hukusikia mahali popote niliposema usirushe. Ukakata simu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jana nilimkalisha Mitchelle nimweleze kuhusu jino la tatu, la chonge. Hili halijalegea hata kidogo, mzizi wake ni mrefu, na litauma kuliko lile la kwanza. Alinisikiliza, kisha akasema, guga, unabonga sana, yaani babu yake ninaongea mno. Ndipo akanieleza yeye. Jino lile halikuanguka lenyewe. Siku ya Ijumaa Kuu, kanisani kwenu, alilisukuma kwa ulimi na kulipinda kwa vidole mpaka likatoka. Akakuletea akijua utafanya nini, akakuhimiza urushe upesi kabla hatujalifuata. Alisema la kwanza tulimchoma, tukalitoa, wakalimwaga, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia pole. Sote tulikuwa tunaongea habari za sahani.

Nimemkasirikia yeye, na Kevin, na ukungu, na nafsi yangu, wala sijui nianzie wapi.

Nilimuuliza kama tuache. Alifikiri sana, akasema hapana. Lakini atafungua mdomo iwapo tu guku Sella atakuwa amemshika mkono. Baba yake hamtaki, anasema atatoka nje. Mimi pia hanitaki. Anasema nitamfundisha daktari kazi.

Kevin ameambiwa ukweli. Amenyamaza, na kwake huko ndiko kuomba radhi. Daktari anatungoja Jumanne asubuhi, na amesema baada ya hili hatajaribu lingine. Njoo, Sella. Kama bado hujanisamehe, usinisalimu. Unipite tu mlangoni, ukamshike mtoto.

Wape salamu majirani zako wa sokoni na akina mama wa kwaya. Mourine wenu wa kwaya ndiye atakayekukabidhi barua hii, naye nimemwomba asiondoke bila neno lako.

Ndimi kaka yako,
Isaac Shivachi