Haipatikani Katika Eneo Lako

Jumatano, 5 Machi

Leo tena kiwanda kizima cha sabuni kimesimama kunisubiri mimi. Meneja, mhasibu, wapakiaji, lori la mafuta — wote nje, macho mkononi mwangu. Mkononi mna funguo za geti. Nikitaka wafanye kazi, wanafanya. Nisipotaka, nchi haiogi! Wapo wanaoniita bawabu. Waache. Mdomo haulipi ushuru.

Jioni mpwa wangu, binti wa dada yangu, kaingia kutoka ng'ambo na mchumba wake. Kijana mrefu, mpole, mwenye macho ya kuuliza maswali. Shemeji yangu, baba yake mpwa, ni marehemu, kwa hiyo Jumapili wakwe wakija nitasimama mimi mahali pake. Mdogo wangu alikuwa anajipitisha-pitisha apewe yeye. Mpwa kakataa katakata. Kasema, namtaka mjomba aliyeruka kutoka darajani!

Na hapo ndipo penye jambo. Enzi za ujana wangu walikuja wageni na kamera zao kupiga filamu pale darajani. Kila mtu hapa anajua kwamba nyota wao aliogopa kuruka mtoni, nikaruka mimi. Wanajua kwa sababu nimewaambia. Filamu yenyewe haikuwahi kuonyeshwa huku. Kwa hiyo mwaka hadi mwaka daraja limezidi kwenda juu, na mamba wamezaana.

Sasa mpwa ananiambia: Mjomba, nimekuletea zawadi, nimeinunua ile filamu! Nimeshaipakua, imo kwenye tableti, kesho tunaiangalia wote.

Nimecheka kwa nguvu. Chai ikanipalia.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini nimempigia saluti mwuza maziwa. Akili haipo.

Jioni sebule ilijaa. Tableti ikaungwa kwenye televisheni kwa waya. Mpwa akabonyeza. Kioo cheusi, maandishi meupe. Nikamwomba mchumba asome, macho yangu yana vumbi la sabuni. Akasoma: Filamu hii haipatikani katika eneo lako.

Nilitaka kuibusu ile televisheni!

Mpwa akapiga kelele — lakini nimeilipia! Imo humu ndani! Mchumba akaeleza taratibu: ulipewa ruhusa ya kule tu. Ukivuka mpaka, filamu inawaambia wenyewe mko wapi, wenyewe wanaifunga. Mke wangu akashika kiuno: kwa hiyo nikinunua sufuria nikahama nyumba, sufuria inakataa kupika? Ndiyo, mama. Basi hamkununua nyie, mmeazimwa!

Nikawatetea wenye filamu. Mimi mtu wa geti, najua. Sheria ni sheria. Asiye na pasi hapiti hata akija na tai shingoni. Wote wakanisifu kwa busara.

Mchumba hakutosheka. Kuna njia, kasema, ya kuudanganya mtandao uamini tuko kule. Nikakunja uso — mtu na akili zake adanganye mashine? Aibu hiyo! Akajaribu hata hivyo. Duara likazunguka, likazunguka, mimi jasho. Mwisho yakaja maandishi mengine: wamegundua. Hongera zao! Nikaomba sahani ya pili.

Ijumaa, 7 Machi

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mchumba kafungua sanduku lake katoa dividii. Filamu ile ile! Aliinunua kama akiba. Hapendi vitu vya hewani. Baba yake alimfundisha kwamba chako ni kile unachoweza kukishika. Kijana mwenye malezi. Nimemchukia kidogo.

Kwenye jalada, picha ya daraja. Mke wangu akaisogeza puani: ndilo hili? Mbona hata mbuzi anaruka hapa? Nikamwambia, picha hupunguza vitu.

Deki yetu ikaimeza. Ikanung'unika. Ikaandika: Eneo si sahihi. HATA DIVIDII! Kumbe nazo zina mipaka, kila upande wa dunia na namba yake. Nikajipiga paja — pole sana mpwa wangu, nimeumia, basi tena! Sijawahi kuwa na huzuni tamu kama ile.

Halafu mke wangu: basi nini? Kesho namwita fundi wa redio.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi hakufungua hata skrubu. Kavuta trei ya deki, kabonyeza namba fulani kwenye rimoti, karudisha. Tayari, kasema, sasa haimuulizi mtu kwao wapi. Geti wazi, Mkuu! Nimemtazama kama mwizi.

Tukakaa. Mimi na soksi, joto lote hili. Mke wangu: una homa? Vidole vinaniuma, nikasema.

Ikaanza. Daraja. Mtu akaruka — kwa mbali kabisa, kofia imemfunika uso, maji yakamficha. Sebule ikalipuka! Mpwa akaning'ang'ania shingoni, Mjomba! Mchumba akasimama kunipa mkono. Jamani! Kamera ilikuwa mbali! Yule angeweza kuwa mtu yeyote, angeweza kuwa hata mimi! Nilishusha pumzi kama tairi la lori. Nikawapa na mamba, watatu, mmoja chongo.

Wangezima hapo. Lakini watu wana tabia mbaya ya kuangalia filamu mpaka mwisho.

Ikaja sehemu ya msiba. Maiti kwenye mkeka, kafunikwa shuka, miguu tu nje. Kamera ikasogea. Na dividii, iliyokuwa inakwenda kama maji, ikakwaruza. Ikaganda. Hapo hapo! Miguu imejaa kioo kizima.

Mguu wa kushoto, kidole kidogo kimempanda jirani yake. Kama cha marehemu mama yetu. Kama cha dada yangu. Kama cha mpwa mwenyewe, naye alikuwa peku! Mpwa akatazama kioo. Akatazama mguu wake. Akatazama soksi zangu.

Mtandao ni muungwana, unamkatalia mtu mlangoni. Dividii inakukaribisha ndani, halafu inakukaba koo.

Nikasema naenda kuchemsha chai. Ndipo nilipo sasa, naandikia juu ya kopo la sukari. Nawasikia. Mke wangu anacheka mpaka anakohoa. Fundi anasema msiivute, ataifuta kwa kitambaa. Mchumba anauliza, kwa hiyo aliruka, halafu akafa? Mpwa anaita: Mjomba! Njoo, na soksi uziache huko huko! Sauti si ya hasira. Sidhani. Halafu kamwambia mchumba wake, kesho wakwe wakija, Mjomba — birika likapiga mluzi, sikusikia lililobaki.

Ajabu, kifua chepesi. Kama geti lililotiwa mafuta.

Anaita tena. Naenda. Lakini kwanza niandike, maana hapa hasomi mtu. Sikuruka. Nililala tu pale mkekani. Na hata huko kulala walinipiga picha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza maiti alikoroma.